Mgeni wa Miezi Minane

Vitabu vya ndege vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba kitwitwi huja Afrika kupitisha majira ya baridi. Kila nikiyasoma maneno hayo hunitatiza, kwa kuwa hapa Nyakakika majira hayo hayapo. Kitwitwi anapoanza kuonekana kwenye kijito cha bondeni, mwezi wa Agosti au Septemba, bado ni kiangazi na vumbi limejaa kwenye majani ya migomba ya kando ya barabara. Anakuwapo mvua za vuli zinapofika na maharage yanapopandwa. Anakuwapo senene wanapoanguka usiku na watoto wanapokesha kuwakamata. Huondoka Aprili, masika yakiwa yamekolea. Baridi inayotajwa kitabuni iko kwa waliokiandika. Sisi tunamwona ndege aliye kazini.

Ninayemsema ni yule mdogo mwenye mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, anayetikisa mkia bila kuchoka kana kwamba ana jambo la kukumbuka. Uzito wake ni kama gramu 50. Hutaga mayai manne kando ya mito na maziwa ya Ulaya na Asia, hulea makinda, na ifikapo Julai wakubwa wameshaanza safari. Kwenye kiota hukaa kama miezi mitatu tu. Miezi iliyobaki yuko njiani au yuko kwetu: kwenye vijito vya Karagwe, kwenye kingo za Ziwa Viktoria, na kwenye mafungu ya mchanga ya pwani kule Mafia na delta ya Rufiji, ambako maji yakitoka hushuka kutafuta chakula pamoja na ndege wenzake wengi waliotoka kaskazini, na maji yakijaa husogea juu kungoja.

Sasa, ndege anayekaa kwenu miezi minane na kwingine mitatu, mgeni ni wa nani?

Wengi watajibu haraka kwamba kwao ni alikozaliwa. Jibu hilo lina nguvu, na wanadamu tumelitumia muda mrefu, lakini nadhani linatokana zaidi na mahali anaposimama mtazamaji. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege wao walikuwa wapi wakati wa baridi. Wasomi waliandika kwamba mbayuwayu hulala chini ya matope ya mabwawa hadi joto lirudi. Mwaka 1822 korongo mweupe alipatikana kaskazini mwa Ujerumani akiwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni, na bado anaruka. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mkuki ule ulisema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria vizuri: kumbe wakati sisi hatumwoni, alikuwa anaishi. Alikuwa na njaa, alikuwa na hatari, na kulikuwa na watu wengine waliomwona wakamtaka kwa kitoweo.

Sitaki kuwacheka wale wa matopeni. Nasi tuna matope yetu. Ndege wakiondoka Aprili, ni nani kati yetu huuliza wameenda wapi? Tunasema tu wamepotea, na mwakani watarudi. Kila upande huona nusu ya maisha ya kiumbe na kuiita nzima, kisha huiita nusu nyingine likizo.

Karagwe ina historia ndefu ya kufikiria suala la ugeni. Novemba 1861 Omukama Rumanyika aliwapokea Waingereza wawili, Speke na Grant, hapa Bweranyange. Speke aliendelea na safari kwenda Buganda mwezi wa Januari. Grant alikuwa na ugonjwa mbaya wa mguu, hawezi kutembea, akabaki chini ya ulinzi wa mwenyeji wake mpaka Aprili 1862. Alikaa miezi mitano hivi, pungufu ya kitwitwi. Hakuwa na kazi ya maana aliyoweza kumfanyia Rumanyika. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; mgonjwa yule jembe asingeliweza. Hata hivyo aliwekwa, akalishwa, akaondoka hai.

Naikumbuka pia mwaka 2013, mwaka wa operesheni iliyoitwa Kimbunga, ambapo maelfu ya watu waliondoka mkoa huu kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Serikali ilikuwa na sababu zake, na ujambazi wa barabarani wa miaka ile haukuwa hadithi. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo waliolima hapa miongo mingi, wakaoa hapa, wakazika wazazi wao hapa. Walipoulizwa kwao ni wapi, jibu lililotakiwa lilikuwa jina la mahali pa kuzaliwa. Makaburi hayakuhesabiwa. Simlinganishi mtu na ndege; mtu ana haki ambazo ndege hana, na ana uchungu anaoweza kuutamka. Ninachosema ni kwamba swali tuliloliuliza lilikuwa lile lile la vitabu vya ndege, nalo lilikuwa fupi mno kwa maisha ya waliokuwa wanaulizwa.

Bondeni kwetu swali hili si la nadharia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Bonde letu ni jembamba. Ukipima mita 60 kila upande wa kijito, kiangazi kizima hakuna atakayelima kabichi wala nyanya, na ada za shule nyingi hutoka humo. Tulipolizungumza jambo hili, kijana mmoja mwenye watoto watatu aliniambia, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, shikamoo, lakini hao ndege si wa kwetu. Wenyewe wako Ulaya, wawalishe wao."

Hoja yake naiheshimu, kwa sababu njaa ya mtoto haingoji falsafa. Ningeweza kumjibu kwamba ndege hawa hula wadudu, yaani jembe wamelishika. Lakini jibu hilo silipendi. Nikimtetea mgeni kwa faida yake, siku faida ikiisha nimemfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe. Grant asingepona kwa hesabu hiyo.

Nilimjibu kwamba mwenyewe wa kiumbe ni yule ambaye akifunga mkono, kiumbe kile kinakufa. Kwa kipimo hicho kitwitwi ana wenyewe wengi: wenye mito ya kaskazini anakotaga, wenye mafungu ya mchanga kule pwani, na sisi wenye kijito chembamba. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumwokoa peke yake, bali kila mmoja anaweza kummaliza peke yake. Huo ni umiliki wa ajabu, hauna hati wala mpaka, na unatuelemea sisi maskini sawasawa na wao matajiri, jambo ambalo si haki. Ndiyo maana nadhani wanaowafurahia ndege hawa huko kaskazini wana deni kwa kijana yule na kabichi zake. Akiacha ukanda wa matete kando ya maji, anawalishia ndege wao miezi minane.

Hakukubaliana nami yote. Alisema ukanda wa hatua kumi anaweza kuuacha, mita 60 hawezi, na hatua zile kumi anaziacha kwa ajili ya maji yasikauke. Nilimwambia hiyo inatosha kwa kuanzia. Watu wa kale walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijapata kusikia kwamba walimtaka mwenyeji aeleze kwanza anaponea nini.