Mabinti Wetu, Mbio na Farasi

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa wako wazee wawaambiao mabinti zao: mbio na kupanda farasi ni haramu kwenu. Haramu hii wameitoa wapi? Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa, baadaye wakashindana tena, akamshinda. Aliwasifu wanawake wa Kikureshi wapandao ngamia. Akambashiria Ummu Haramu safari ya jihadi baharini. Naye akaenda, mwaka wa 28 wa Hijra, akaangushwa na mnyama aliyempanda, akafa kisiwani Kupro. Basi sharti ni sitara na heshima, si kukaa kitako. Ewe baba, mche Mola wako, usiharimishe alichokihalalisha. Wallahu aalam.