Jina la Mtu ni Amana

Ukitoka Feri ukafuata Kivukoni, kisha ukapanda mjini kwenda Kariakoo, huenda ukapita penye Sanamu ya Askari. Imesimama pale tangu 1927, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Chini yake pana maandishi yanayowataja askari wa Kiafrika na wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, nayo yaahidi kwamba mwenye kufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka usome pande zote. Hapana jina hata moja la mtu.

Na hiyo Kariakoo uendako imeitwa hivyo kwa ajili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kilichopiga kambi pale baada ya mji kutwaliwa Septemba 1916. Kikosi kimeacha jina. Waliokuwamo hawakuacha.

Mwaka huo huo wa 1916 jeshi la Uingereza lilianza kuwapa askari wake visahani viwili vya kuvaa shingoni. Tangu 1907 walikuwa na kimoja tu, chenye jina, nambari, kikosi na dini, ili ajulikane nani kafa na azikwe vipi. Lakini kikiondolewa kupelekwa ofisini, maiti hubaki hana jina. Ndipo vikafanywa viwili: cha kijani kibaki na maiti, chekundu kirudi na habari. Tazama fikra iliyotumika juu ya mtu mmoja aliyekufa! Amma wapagazi wetu, walikufa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mishahara ya maelfu yao ikabaki mikononi mwa serikali kwa kuwa wenyewe au warithi wao hawakupatikana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Atasema mtu: Mwenyezi Mungu amjua kila mja wake, awe ndani ya kaburi au tumboni mwa samaki, kisahani cha nini? Ni kweli, Yeye hahitaji kisahani. Wenye kukihitaji ni sisi, kwa sababu haki za maiti zimo mikononi mwetu.

Baada ya vita kimoja Mtume (S.A.W.) aliwauliza Maswahaba: Je, mnamkosa mtu? Wakataja fulani na fulani. Akauliza tena, na tena, mpaka wakasema hapana mwingine. Akasema yeye amkosa Julaybib. Huyu hakuwa mtu wa kutajwa barazani. Wakamtafuta, wakamkuta amekufa ubavuni mwa maadui saba aliowaua, na Mtume akambeba kwa mikono yake mwenyewe mpaka kaburini. Na Uhud, Anas bin Nadhr alipatikana na majeraha zaidi ya themanini, asitambulike ila na dada yake, kwa ncha za vidole.

Usiseme haya ni heshima tu. Mume asiyejulikana yu hai au amekufa, mkewe akae vipi? Imam Malik asema angoje miaka minne, kisha akae eda. Kauli mpya ya Imam Shafii, ambaye wengi wetu pwani twafuata madhehebu yake, yamtaka asubiri mpaka ipatikane yakini. Mali haigawanywi. Mwenye kumdai hajui amwendee nani. Kipande kidogo cha shingoni chaweza kumfungua mwanamke huyo kifungo cha miaka.

(Wapo wanaouliza kama kuvaa kitu hicho ni sawa na hirizi. La. Hirizi mtu huivaa akidhani yamkinga. Hiki hakikingi kitu, ni shahidi tu.)

Lakini niya ndiyo yenye kupambanua. Kule Kenya, tangu 1919 na 1920, Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande, karatasi yenye alama za vidole ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni, ili asimtoroke tajiri wake. Shingo ni ile ile. Mmoja ameandikwa ili arudishwe kwa watu wake, mwingine ili arudishwe kazini.

Na hili si la vitani tu. Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikienda Pemba, orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwamo. Skagit ilitoka papa hapa Dar es Salaam tarehe 18 Julai 2012 ikazama karibu na Chumbe. Na usiku huu mashua zitatoka Feri kwenda kuvua, na baharia huenda ajulikana chomboni kwa jina la utani tu. Nahodha, wewe ndiye unayewachukua. Andika jina la kila mmoja, la babake, na mtaa wake, karatasi ibaki nchi kavu kwa mtu mwaminifu, si ndani ya chombo. Nawe baharia, kabla hujateremka majini, mwambie mkeo nani anakudai na kiasi gani.