Weusi na kijivu

 Magharibi ya kisiwa cha Mafia, ng'ambo ya mlango wa bahari, Mto Rufiji humwaga maji yake kupitia mikono mingi iliyosongwa na mikoko. Humo, mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walificha manowari nzima.

Manowari hiyo, Königsberg, ilikuwa imeizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, kisha ikatoweka. Nahodha wake, Max Looff, aliipandisha mtoni, na mabaharia wakaivika matawi. Waingereza walipoigundua ilizidi kwenda juu, mahali ambapo jicho la baharini halifiki. Januari 1915 wakaiteka Mafia na kutengeneza uwanja wa ndege. Tarehe 11 Julai meli mbili, Severn na Mersey, zilirusha makombora juu ya miti bila kuona zinachopiga. Jicho lao lilikuwa ndege iliyotoka kisiwani. Ndege hiyo ikapigwa. Ikiwa inashuka kwenda kuanguka, mtazamaji wake aliendelea kutuma kwa redio masahihisho ya shabaha.

Mchezaji wa Age of Empires II, gemu la mwaka 1999, analielewa hitaji hili la jicho bila kufundishwa. Ramani huanza nyeusi, naye hupewa mpanda farasi wa kupeleleza. Farasi anapopita, ardhi hung'aa. Akiondoka, hubaki kijivu: mto upo, msitu upo, nyumba za adui zinaonekana kama zilivyokuwa mara ya mwisho, lakini askari wanaopita pale sasa hivi hawaonekani.

Wanaoanza huogopa weusi. Wazoefu huogopa kijivu, na wana haki. Aliye gizani anajua kwamba haoni, kwa hiyo hutembea kwa kupapasa. Aliye kwenye kijivu ana picha mbele yake, tena nzuri, ila ni ya jana. Waislamu wa pwani wana neno kwa kila rangi: weusi ni ghaibu, kijivu ni dhana. Sura ya Hujurati inakataza dhana nyingi na upelelezi wa aibu za watu katika aya moja. (Kumchungulia adui wa kwenye kioo si dhambi hiyo, jirani ndiye mwenye haki ya kusitiriwa.)

Je, kuna kiumbe anayeiona ramani yote? Kisa cha Nabii Sulaimani kinajibu mara mbili. Mfalme huyo alitumikiwa na upepo na majini, lakini habari za nchi ya Sabaa aliletewa na ndege, Hudihudi. Wala hakuzimeza: alimrudisha ndege na barua ili ukweli wake upimwe. Jibu la pili ni kali zaidi. Sulaimani alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea kumfanyia kazi ngumu, maana walimwona amesimama. Mchwa alipoila fimbo, mwili ukaanguka, ndipo ikabainika kwamba hawakuijua ghaibu. Walikuwa wakitazama kijivu.

Anayekwenda kupigiwa ramli, ili jini amfichulie nani kamroga au mali iko wapi, angekitafakari kisa hicho kabla ya kutoa fedha.

Waingereza wa Rufiji nao hawakuepuka kijivu. Baada ya Julai 1915 waliihesabu Königsberg kuwa imekwisha, na kwa meli walisema kweli, kwani mabaki yake yalilala mtoni. Lakini mizinga yake 10 ya milimita 105 ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu katika jeshi la kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck. Mmoja wa mizinga hiyo umo Fort Jesus, Mombasa.