Kuoza Kulianza Lini?

Mazishi yetu hapa Asembo Bay hayana haraka. Maiti hulala mochari hadi watoto wafike kutoka Nairobi na michango itimie. Siku ya kuzika, mhubiri husimama kando ya jeneza na kutueleza kwamba kuoza kuliletwa na dhambi: Adamu asingeonja lile tunda, nyama ya binadamu isingeharibika. Mimi ni mzee wa kanisa, lakini kazi iliyonilisha ni ya maabara, na hoja hiyo imenikaa kooni miaka mingi.

Nenda bichi alfajiri mitumbwi inapoingia. Mama anayenunua mbuta humbonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Nyama ikirudi upesi, analipa. Shimo likibaki, bei inashuka. Hapo nzi hajatua bado. Samaki ameanza kujila mwenyewe. Ndani ya chembe zake mna vifuko vidogo mno viitwavyo lisosomu, vyenye asidi na vimeng'enya vya kukata protini, vingi vyake vikiitwa kathepsini. Pumzi ikikatika, kuta za vifuko hulegea, vimeng'enya vikavuja na kuanza kukata nyama. Barafu huvichelewesha, jua la kuanikia omena huvinyima maji, na fomalini ya mochari huvifunga visifanye kazi.

Sasa, vifuko hivyo viliingia mwilini lini? Baada ya Edeni? Mbelgiji Christian de Duve alivitangaza mwaka 1955, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1974, na tangu hapo imezidi kuonekana kwamba kazi yake kubwa ni kwa walio hai. Mtu mzima huvunja takriban gramu 300 za protini za mwili wake kila siku, nyingi kuliko anazokula, kisha vipande vingi hujengwa upya. Lisosomu haziifanyi kazi hiyo peke yake, ila bila hizo mambo huharibika.

Chukua mifupa. Kathepsini K huyeyusha kolajeni ya mfupa mkuukuu ili mpya uwekwe. Kwa mtu mzima, karibu asilimia 10 ya mifupa hubadilishwa kila mwaka. Wapo watoto wachache duniani wanaozaliwa na kathepsini K isiyofanya kazi. Ugonjwa wao huitwa piknodisostosisi, na jeni yake ilijulikana mwaka 1996. Mifupa yao hujaa na kuwa mizito, picha ya eksirei ikatoka nyeupe pe, lakini wakijikwaa kidogo tu, huvunjika. Vimo vyao hubaki vifupi. Anayekosa kathepsini D ana hali mbaya zaidi: takataka hujazana katika chembe za ubongo, na wengine hufa wachanga. Mwili usiojivunja ndio huo. Anayetaka niamini kwamba Adamu aliumbwa hivyo, basi anieleze aliwezaje kulima ile bustani.

Lakini sitavipaka mafuta vimeng'enya hivi. Vikimwagika nje ya vifuko hutafuna gegedu za magoti na kuisaidia saratani kupenya. Halafu kuna malaria. Kimelea kikishaingia katika chembe nyekundu huwa na kifuko chake chenye asidi, na humo vimeng'enya vya jamii hiyohiyo, plasmepsini na falsipaini, humeng'enya himoglobini ya mtoto. Falsipaini ni ya ukoo mmoja na papaini, ile ya papai bichi ambayo akina mama huilainishia nyama ngumu. Klorokwini ilikuwa ikikiwahi kimelea humo humo kifukoni, hadi kikaizoea na Kenya ikaacha kuitegemea mwaka 1998. Mabaki ya mlo huo nimeyatazama sana kwenye slaidi: doa jeusi, hemozoini. Vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa hapa Asembo mwishoni mwa miaka ya 1990 na vifo vya watoto vikapungua, lakini kabla ya hapo tulizika wengi. Mama wa mtoto kama huyo siwezi kumwambia kwamba ni kazi ileile inayonyoosha mifupa. Akisema hapo kuna uovu, simpingi. Ninachopinga ni kuvilaumu vifuko vyote kwa sababu ya kimoja.

Kasisi wetu, kijana msomaji, tumelizungumza hili chini ya mwembe. Nilimfungulia Luka sura ya 24, pale Yesu aliyefufuka anapokula samaki wa kuokwa mbele ya wanafunzi.

"Jaduong', ile ilikuwa ishara tu, wasidhani ni mzuka."

"Sawa, Kasisi. Lakini alimeza. Samaki akishamezwa huenda wapi?"

"Kwa hiyo mwili wa ufufuo nao una hivyo vifuko vyako?"

"Mimi najua tu kwamba sijawahi kuona kula kusiko na kuvunja."

Akafunga Biblia akicheka, akasema atamuuliza askofu.