Nusu ya Kweli

Mara nyingi twasoma magazetini ya kwamba wataalamu wamevumbua betri mpya, iwezayo kujazwa umeme kwa dakika chache na kutumika siku nyingi. Miaka hupita, na betri ile haionekani dukani. Je, mwandishi alisema uongo? Pengine kila neno lake lilikuwa kweli. Basi na tuulize: Asemaye nusu ya kweli, amesema kweli?

Betri ina mambo mengi yapasayo kwenda pamoja: wingi wa umeme iuwekao, uzito wake, mara ngapi yaweza kujazwa kabla ya kuchoka, bei yake, na usalama wake, isije ikawaka moto. Ikizidi katika moja, mara nyingi hupungua katika jingine. Lakini gazeti hutaja lile lililozidi tu. Ni kama kumsifu ng'ombe kwa wingi wa maziwa yake, na kunyamaza ya kuwa hupiga teke kibuyu.

Tazameni betri za lithiamu zilizomo katika simu zetu. Stanley Whittingham aliianza kazi hiyo katika miaka ya 1970. John Goodenough aliiendeleza kwa kobalti mwaka 1980. Akira Yoshino akatengeneza betri iliyo salama zaidi mwaka 1985. Nazo zikaanza kuuzwa mwaka 1991. Wote watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Hiyo ni kazi ya miaka mingi, wala si ya wiki moja.

Tena, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na baadhi ya wachimbaji hutumia zana za mkono tu. Aisifuye betri ya namna hiyo, akamsahau mchimbaji, ameficha sehemu ya bei yake.

Wengine husema: Pasipo sifa, nani atatoa fedha kwa wataalamu? Lakini tumaini lililojengwa juu ya nusu ya kweli hula imani ya watu. Na siku ijapo betri iliyo njema kweli, hakuna atakayesadiki.

Atoaye habari ni shahidi. Hupimwa kwa aliyoyasema, na kwa aliyoyanyamazia hali ayajua. Na kama hakuyajua, ilimpasa kuuliza. Nasi tupelekao habari kwa jirani tu mashahidi vile vile. Kabla ya kuipeleka, na tuulize kwanza: Imejazwa mara ngapi? Bei yake nini? Nani ameitaabikia?