Anayejua Hapigi Hesabu

Baba yangu alikuwa stesheni masta wa Reli ya Kati, na kwa miaka mingi ugali wetu ulitoka kwenye karatasi iliyoitwa laini klia. Njia ilikuwa moja, treni zinakwenda na kurudi humo humo. Kabla ya kuiachia treni, baba alimpigia simu mwenzake wa stesheni ya mbele kuuliza kama njia ni nyeupe. Akijibiwa ndiyo, aliandika karatasi na kumpa dereva. Bila karatasi ile dereva hasogei, na karatasi yenyewe haikumweleza lolote kuhusu Tabora wala Kigoma. Ilimfikisha stesheni inayofuata tu, na huko angeandikiwa nyingine.

Mimi sikuingia reli. Ni mhandisi wa mitandao hapa Dar es Salaam, kazi yangu kuangalia data ipite wapi. Baba akiniuliza nafanya nini hasa, humjibu, "Laini klia, baba, ila treni ni nyingi kidogo."

Sikumdanganya sana. Intaneti ya kawaida hufanya kazi kwa imani ile ile ya dereva: kila ruta, mtambo unaoelekeza data, husoma anwani ya pakiti ya data na kuisukuma kwa ruta ya jirani, basi. Ubaya wake ni kwamba kila ruta huipenda njia fupi, kwa hiyo njia fupi hujaa hadi data ikamwagika, huku njia ya kuzunguka imelala tupu. Ndipo wahandisi wa IETF, chombo kinachoandika viwango vya intaneti, wakatoa Agosti 2006 waraka RFC 4655: kiwepo kikokotozi cha njia, chenye ramani pana, ambacho ruta inaweza kukiuliza. Machi 2009 ukafuata RFC 5440, unaoweka lugha ya kuuliza na kujibu. Miezi minne baadaye mkongo wa baharini wa SEACOM ukaanza kazi kwenye pwani yetu, kwa hiyo lugha ya kuombea njia na njia zenyewe zilitufikia karibu pamoja.

(Wahandisi hao wa IETF hawaamui kwa kura. Mwenyekiti akitaka kujua mwelekeo wa ukumbi, wajumbe huguna midomo imefumbwa, naye husikiliza mguno upi mzito. Nilipomweleza shehe wetu alicheka, akasema wanazuoni wangepata ijmaa, yaani mwafaka wao, upesi zaidi wangejaribu hivyo.)

Kilichonishika katika waraka wa 2009 ni kile ulichokiacha. Hausemi njia ikokotolewe vipi. Kanuni za kutafuta njia fupi zipo tangu Edsger Dijkstra alipobuni yake mwaka 1956, kwa dakika 20 hivi, mgahawani Amsterdam akiwa na mchumba wake. Kila mtengenezaji apige hesabu kwa akili yake. Kiwango kinasimamia ombi tu: unatoka wapi, unakwenda wapi, unataka nafasi kiasi gani; na jibu lirudi na namba ile ile ya ombi, lisije likapewa asiyeuliza.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha kuandika. Siku moja kazini mwenzangu alisema, kwa utani, kwamba kikokotozi ni kama Mungu: kinaona ramani yote, sisi pakiti tunatembea tulikoandikiwa. Tukacheka. Lakini nilirudi nyumbani na neno lile, kwa sababu ndivyo nilivyoielewa kadari tangu madrasa, kwamba mahali fulani kuna hesabu imeshapigwa. Wanazuoni waligombana humo zamani sana. Wapo waliosema mja ni unyoya kwenye upepo. Wapo waliosema mja huumba tendo lake mwenyewe. Abul Hasan al-Ash'ari, karne ya 10, akashika neno kasbi: tendo ameliumba Mungu, mja amelichuma. Mwalimu wetu aliipita sura hiyo mbio. Alisema si ya watoto.

Leo nadhani mwenzangu alikosea, na mimi nilikosea pamoja naye, kwa kosa moja: tulisahau kwamba kupiga hesabu ni kazi ya asiyejua. Nakokotoa umbali wa Morogoro kwa kuwa siuoni. Kikokotozi nacho hakioni kitu, kinaletewa habari. Ruta zinakiambia kiungo hiki kimejaa, kile kimekatika, na habari hufika baada ya jambo, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua jicho. Ramani yake ni ya muda uliopita. Ukokotozi ni ufukara uliopangwa vizuri. Anayejua mwanzo na mwisho hana cha kukokotoa, na ukimpa Mungu kazi hiyo umemshusha hadi chumba cha mitambo.

Mwaka nilioposwa, shangazi aliniamuru niswali istikhara. Rakaa mbili, kisha dua ambamo mja anakiri kwamba Mungu anajua na yeye hajui, akaomba jambo lenye heri lifanywe jepesi na lenye shari liepushwe naye. Asubuhi shangazi alikuwa mlangoni.

"Haya, umeota nini?"

"Sijaota kitu, shangazi."

"Hata nguo nyeupe? Hata maji?"

"Niliota nimechelewa daladala."

Akasonya. Masheikh wanasema ndoto si sharti: unashika shauri lako, unakwenda, na mlango utafunguka au utafungwa. Ukimya ule ulinisumbua kuliko posa yenyewe. Kazini kwangu ukimya una maana moja. Ruta na kikokotozi hutumiana salamu, kwa kawaida kila sekunde 30. Zikipita sekunde 120 bila neno, mwenzako anahesabiwa amekufa. Kwenye msala nilipaswa kujifunza kwamba kutojibiwa kwa namba ya ombi si kufa kwa anayeombwa. Niliolewa. Tuna watoto wawili, na mpaka leo sijui kama ile ndoto ya daladala ilikuwa jibu.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kusini, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za ukanda wetu zikabaki zinahema, Tanzania ikiwamo. Nilikuwa zamu ya usiku. Tuliomba njia ya nchi kavu kuelekea mpaka wa Horohoro, tupate kutokea Mombasa, kwa nafasi ile tuliyozoea. Jibu: hakuna njia. Ila kiwango kina ungwana wake: jibu la kukosa njia linaweza kukutajia sharti lililokwamisha. Letu lilikuwa nafasi. Njia ilikuwepo, mzigo wetu ndio haukuenea.

Hapo niliielewa kasbi kuliko darasa lolote. Mtambo ulisema punguza. Haukusema upunguze nini. Tangu waraka RFC 8231 wa mwaka 2017 ruta inaweza hata kukikabidhi kikokotozi mamlaka juu ya njia zake, na kiwango kimempa mwenye ruta haki ya kuyachukua tena. Usiku ule niliyachukua. Nikakaa mbele ya kioo, nikagawa wateja: mabenki na makampuni mbele, hospitali mbele, na wale wa vifurushi vya bei chee nikawasogeza kwenye mstari wa kungoja. Nikaomba tena kwa nafasi ndogo. Njia ikapatikana papo hapo.

Jumatatu nilimpigia baba nikiwa getini. Alikuwa ameshaswali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Redio inasema mmekatikiwa."

Nikamweleza yote: tuliomba njia tukaambiwa hakuna, tukapunguza mzigo tukaambiwa ipo. Niliona fahari kidogo nikisimulia. Alinyamaza kama anavyonyamaza akisikia treni ya mbali.

"Mabehewa mliyoyaacha," akasema, "yalikuwa ya nani?"

Nikamtajia mabenki, nikamtajia hospitali. Akasema hajaniuliza yaliyopita. Gari la ofisi lilikuwa limefika, nikamwambia nitampigia nikishalala. Nilimpigia jioni.