Mtoto Mahututi na Wajibu wa Kuuliza

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu suala ambalo twaona si la mtu mmoja, bali ni la kila mzazi wa mwambao huu. Je, yafaa mzazi akubali mtoto wake aliye mahututi aingizwe katika uchunguzi wa madaktari, ambamo huyu hutibiwa hivi na yule vile, ili ijulikane matibabu yaliyo bora ni yapi? Aliyeuliza aliongeza maneno makali. Alisema kuwa huko ni kumfanya mwana wa Adamu kama panya wa majaribio, na kwamba tabibu mwenye elimu ya kweli hana haja ya kujaribu.

Neno hili la mwisho ndilo tutakaloanza nalo, kwani ndilo asili ya kosa lote.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud, kwa njia ya Jabir, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, kuwa jamaa katika Masahaba walikuwa safarini, na mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamjibu kuwa hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahesabu kuwa wao ndio waliomuua, akawalaumu kwa kuwa walipokuwa hawajui hawakuuliza.

Wasomaji wetu na watazame vizuri. Waliomuua mtu yule hawakuwa maadui zake. Walikuwa ndugu zake, wenye nia safi, na walilomwambia waliliamini. Nia yao haikuwafaa kitu, wala haikumfaa yeye. Kosa lao lilikuwa ni kuweka yakini pahala pa kuuliza.

Ama hapa kwetu, mtoto akishikwa na homa kali, akaanza kutupa mikono na macho kumgeuka, wapo wasemao kuwa ni nyuni. Watamfukiza, watamfunga hirizi, watamnywesha kombe, na siku mbili zitapita. Malaria iliyopanda kichwani haingoji siku mbili. Hawa tumekwisha kuwasema mara nyingi na leo hatuna haja nao.

Haja yetu leo ni kundi la pili, nalo ni sisi tujionao kuwa tumeelimika. Sisi humkimbiza mtoto hospitali, na tukisha kumwona daktari hunyamaza kama maiti mbele ya mwoshaji. Kila kinachotiwa mshipani twakiita dawa. Na daktari naye ni mwanadamu: hufanya alivyofundishwa na mwalimu wake, na mwalimu wake alivyofundishwa na wake. Twajisifu kuwa tumeiacha taklidi katika dini, kwamba hatulikubali neno kwa kuwa limesemwa na wakubwa mpaka tuonyeshwe dalili yake. Basi mbona katika roho za watoto wetu twaridhika na taklidi? Uchunguzi wa kitabibu, ukiwa wa kweli, hauna maana nyingine ila huku kudai dalili.

Na tuyatazame yaliyotokea hapa hapa kwetu. Kwa miaka mingi vitabu vya utabibu vilifundisha kuwa mtoto mwenye homa kali, ambaye mikono na miguu imempoa, moyo wamwenda mbio na damu haifiki viungoni sawasawa, atiwe maji mengi mshipani kwa haraka ili damu ipate nguvu ya kuzunguka. Katika nchi za matajiri ndivyo ilivyofanywa. Hospitali nyingi za Afrika zilikuwa hazifanyi hivyo, na jambo hilo likahesabiwa ni upungufu wa kuonewa huruma.

Wakainuka madaktari, kiongozi wao akiwa Bi Kathryn Maitland, tabibu wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, wakaazimia kulipima neno hilo. Uchunguzi ulianza Januari 2009 katika hospitali 6: moja Kenya, nayo ni ya Kilifi, moja Tanzania, katika Muheza, na nne Uganda. Waliingizwa watoto wa tangu siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali na dalili tulizozitaja. Mtoto wa kuhara hakuingizwa, wala aliyekonda kwa utapiamlo, wala aliyeungua moto. Hili twalisisitiza, asije mtu akasikia maneno yetu akamnyima maji mtoto anayehara. Huyo maji ndiyo uhai wake, na hukumu yake ni nyingine kabisa.

Watoto 3,141 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilimiminiwa maji ya chumvi kwa haraka, la pili maji yenye albumini, nayo ni protini itokayo katika damu ya watu, na la tatu halikumiminiwa kitu, ila lilipewa maji polepole kwa kadiri ya haja ya mwili. Mengine yote yalikuwa sawa kwa wote: dawa ya malaria, dawa za kuua vijidudu, oksijeni, sukari, na damu kwa aliyeihitaji. Kila mmoja alingoja kwamba maji yatashinda. Walilobishania ni kama maji ya albumini yatayashinda ya chumvi.

Katika Januari 2011, kabla ya kutimia idadi ya watoto 3,600 iliyokusudiwa, kamati iliyowekwa kando ili itazame hesabu ilishauri kazi isimamishwe. Katika saa 48 za mwanzo, waliotiwa albumini walikufa asilimia 10.6, waliotiwa maji ya chumvi asilimia 10.5, na wale ambao hawakumiminiwa kitu walikufa asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto 100 waliofanyiwa hisani ile, watatu na zaidi walikufa ambao lau wangeachwa wangalikuwa hai. Habari ikachapishwa Mei 2011 katika jarida kubwa la utabibu la Marekani, na madaktari wa dunia nzima wakashangaa.

Lakini la kutisha zaidi ni hili. Wachunguzi waliporudi kuzitazama daftari zao, wakaandika mwaka 2013, waliona kuwa baada ya saa moja watoto waliomiminiwa maji ndio walioonekana kupata nafuu. Katika kila 100, dalili za udhaifu wa damu ziliwaondoka 43, na katika wale wengine 32 tu. Daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona kwa macho yake mikono ikipata moto, akamshukuru Mungu, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mauti yalikuja baadaye. Tena hayakuja kwa njia iliyoogopwa, ya maji kujaa mapafuni au ubongoni. Yalikuja zaidi kwa moyo na mishipa kushindwa kazi. Basi hata jicho la mwenye ujuzi, na hata uzoefu wa miaka thelathini, usingaliweza kulijua jambo hili pasi na kuwahesabu watoto wengi, kundi mbele ya kundi.

Hapa patainuka mwenye kusema: Je, wale waliomiminiwa maji wakafa, damu yao iko juu ya nani? Suala hili ni la haki, na hatutaki kulipita juu juu. Kila mmoja wao alikuwa na mama. Twasema kwamba walichopewa ndicho vitabu vilivyoamrisha, na ndicho ambacho mtoto wa tajiri angalipewa London siku hiyo hiyo. Hapana aliyepewa kilichojulikana kuwa ni madhara, wala aliyenyimwa kilichojulikana kuwa ni nafuu, kwa sababu ukweli haukuwa ukijulikana. Lau uchunguzi usingalifanywa, maji yale yangaliendelea kumiminwa, na Afrika ingalihimizwa ifanye kama wenzake. Watoto wangalikufa wengi zaidi, na hapana ambaye angaliwahesabu.

Amana yavunjwa pahala pengine. Jibu likisha patikana, kulipuuza ndiyo khiyana. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mwaka 2016 mwongozo wa kuwaonya matabibu wasimmiminie maji ya haraka mtoto mwenye homa ambaye damu yake yazunguka kwa udhaifu lakini hajafikia dalili zote za mshtuko. Kutoka 2011 hadi 2016 ni miaka mitano. Watoto wa Kilifi, Muheza na Uganda walilipa thamani ya elimu ile, na sisi twaona kuwa miaka mitano ni mingi mno.

Na wapo wanaochukizwa na kule kupiga kura, kwamba mtoto huingia kundi hili au lile kwa bahasha iliyofungwa na kufunguliwa kwa zamu. Wanaiita kamari. Kamari ni kutafuta mali ya mtu kwa bahati. Kura ya haki ni kitu kingine, na Mtume mwenyewe alikuwa akiwapigia kura wakeze alipotaka kusafiri, asidhulumiwe hata mmoja. Na katika uchunguzi kura yazuia dhulma hiyo hiyo: daktari asije akawapa wenye nguvu dawa aipendayo na wanyonge akawapa nyingine, kisha akaisifu dawa yake.

Wala jambo hili halikuanza na Wazungu. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa wa Rayy na Baghdad aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliandika katika Al-Hawi kuwa alipotaka kujua kama kutolewa damu kwamfaa mwenye maradhi ya ubongo, aliwatoa damu wagonjwa kundi moja, na kundi jingine akaliacha kwa makusudi ili apate kulinganisha. Hii ni mali yetu tuliyoisahau, na leo twaletewa tukaiogopa kama kitu kigeni.

Msomaji asidhani kuwa kila uchunguzi huja na katazo. Mwaka 1952, mji wa Copenhagen ulipopatwa na maradhi ya kupooza watoto, msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho alitobolewa koo, na daktari Bjørn Ibsen akampulizia hewa mapafuni kwa mfuko wa kubinya kwa mkono. Alipona. Wanafunzi wa utabibu wakaja kwa mamia, wakakaa vitandani usiku na mchana wakibinya mifuko, na huo ndio mwanzo wa vyumba vya wagonjwa mahututi tulivyo navyo. Lakini mashine ya kusukuma hewa puani, ambayo kwingineko imewafaa watoto wenye kichomi, ilipopimwa Malawi kwa watoto dhaifu, habari iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha waliowekewa wakifa asilimia 17 na waliopewa oksijeni ya kawaida asilimia 11. Hospitali ya Malawi si hospitali ya Ulaya, na kila mahali pana haki ya kuuliza kwa ajili ya watu wake.

Imebaki ruhusa ya mzazi. Hapa twasema na pande zote mbili. Kituo cha uchunguzi kipo Kilifi tangu 1989, na tangu hapo hapakukosekana uvumi wa damu kuuzwa na wa ibada za mashetani. Uvumi huo ni upuuzi, na kuueneza ni dhambi. Lakini wachunguzi wenyewe wamekwisha kuandika kuwa wazazi wengi waliotia saini hawakufahamu kuwa kuna uchunguzi zaidi ya matibabu, na jambo hilo si upuuzi hata kidogo. Mama akielezwa kwa maneno asiyoyajua, saini yake si ruhusa. Na aelezwe kwa lugha yake, aambiwe waziwazi kuwa akikataa mtoto wake atatibiwa vile vile, na aambiwe jibu likisha patikana.

Katika uchunguzi ule wa maji, mtoto alipokuwa akikata roho mzazi aliombwa kauli ya mdomo kwanza, na maelezo kamili na saini zikafuata hali ilipotulia. Wapo waliolipinga hili. Sisi twaona dharura ina hukumu yake, maadamu mzazi hakufichwa kitu na maadamu matibabu hayakungoja karatasi.

Lakini lipo la kwetu wenyewe, nalo twalisema kwa wanaume. Mama wa pwani akiulizwa wodini, jibu lake mara nyingi ni kuwa amngoja baba wa mtoto. Baba yuko baharini, au dukani, au safarini. Dakika zapita. Yatupasa tuzungumze na wake zetu mtoto akiwa mzima, tuwape ruhusa mapema ya kukubali au kukataa kama watakavyoona, na wakisha kuamua tusiwagombeze. Na mama akiulizwa naye aulize: Mwanangu atapewa nini, na mwingine atapewa nini? Mwajuaje kuwa hamjui? Nikisema la, itakuwaje? Daktari mwema hatachukia.

Ama suala la kumtia mtoto damu, lini na kiasi gani, ambalo nalo limechunguzwa Uganda na Malawi, ni refu. Tutalieleza katika toleo lijalo, inshaallah.